Sampuli ya Maji Matupu

Athens, Georgia
9 Septemba 1997

Shangazi Darka,

Shikamoo. Huku joto halina habari kwamba Septemba imeingia. Nalala na feni mbili, moja kichwani, moja miguuni, na bado naamka nimelowa. Afya yangu nzuri. Chakula tele, ila hakuna anayeijua borshi, ile supu yetu nyekundu. Nilipika wiki jana, mwenzangu wa chumba akachungulia sufuria, akauliza nani kaumia. Mwambie baba soksi za sufu zimefika. Mwambie pia kwamba huku soksi za sufu ni adhabu.

Sasa nililokuandikia. Msimamizi wangu, Dkt. Mayhew, amenipa kazi ya utafiti wa shahada yangu, nayo ni juu ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Wewe unawajua, hujivika koti la sukari na mwili wa mtoto mchanga hauwaoni. Dkt. Mayhew anataka tuijenge sukari ile kwa mikono yetu, kiungo kwa kiungo, iwe chanjo. Mchoro tunaoufuata ni wa mwaka 1974. Nikafungua makala, nikaona waandishi: Strachan na Pawluk. Pawluk! Nilipiga kelele, watu wakadhani nimejimwagia tindikali. Nikawaambia huyo ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyenifundisha kupima unga kwa gramu kabla sijajua kusoma.

Mchoro wenu upo ukutani kwetu: mnyororo wa sukari nne, na pembeni tawi moja la glukosi. Mwenzangu Corliss ana mwaka na nusu anaunganisha tawi hilo tu, na nywele zimeanza kumtoka. Kazi yangu ni ndogo. Nikuze bakteria, nitoe sukari yao ya asili, ya kulinganishia na ya kwetu.

Makala inasema sukari "ilisafishwa kwa njia ya kawaida". Kawaida ipi, shangazi?

Mwanao,
Halia

*

Yorkton, Saskatchewan
28 Septemba 1997

Halia mwanangu,

Marahaba. Ngano imeingia ghalani yote isipokuwa kile kipande cha karibu na bwawa. Baba yako mgongo wake umemgomea, lakini ukimwambia aende kwa daktari anajibu kwamba daktari naye ana mgongo. Bi. Stefka wa jirani anakusalimu. Nimekuwekea mitungi sita ya matango ya chumvi. Ukija Krismasi utayakuta, usipokuja nitayala mwenyewe na sitajuta.

Njia ya kawaida ni mimi.

Andika basi. Nilikuza lita mia na ishirini za mchuzi wa bakteria, katika madumu, wiki tisa, ili nipate gramu moja na nusu ya sukari. Nikaiosha katika mfuko wa kuchujia, siku nne, maji nikiyabadilisha kila baada ya saa sita. Nikaikausha kwa baridi ikawa kama pamba. Kisha nikaichemsha na tindikali ivunjike vipande, nikaviingiza katika mashine, mashine ikachora vilima juu ya karatasi. Kila kilima sukari yake. Mimi nilivisoma na kuvihesabu, Profesa Strachan akachora mnyororo. Siku hizi mna sumaku kubwa inayowaonyesha kila tawi limeshika wapi. Sisi tulikuwa na vilima na akili.

Profesa alikuwa mkali kwa usafi. Ndiye wa kwanza pale chuoni kututaka tuvae glavu zile za hospitali, nyeupe, zenye unga ndani ili ziteleze. Na alikuwa na desturi yake: kila Ijumaa alipitia madaftari yetu yote, na kila ukurasa akatia sahihi yake, W.S., kwa wino mwekundu, kona ya chini kulia. Ukurasa usio na herufi hizo haukuhesabiwa kuwa umefanyika.

Nilifanya kazi pale miaka ishirini na sita na jina langu limechapwa mara moja tu, katika hiyo makala. Ninayo ukutani, ndani ya fremu, chini ya picha ya Bikira Maria. Padri aliuliza kama ni cheti cha ndoa. Nikamwambia ni bora kuliko cheti cha ndoa.

Na sikia hili. Agosti ijayo Mkutano wa Kimataifa wa Sukari utakuwa Vancouver, na watamheshimu Profesa kwa kutimiza miaka themanini. Amenialika nikae safu ya mbele! Miaka yote nilimfungia picha zake za kuonyesha mikutanoni kwenye sanduku, Stockholm, Kyoto, Paris, nikazipeleka uwanja wa ndege, nikarudi kuosha chupa. Safari hii naenda mimi. Bi. Stefka ananiuliza kama tutajadili bei ya sukari. Nimeshaona gauni la buluu dukani.

Shangazi yako,
Darka

*

Athens
17 Novemba 1997

Shangazi Darka,

Shikamoo. Natumaini theluji imekuja kwa heshima na gari la baba linawaka asubuhi. Huku majani ndiyo kwanza yanaanguka. Wiki ijayo ni sikukuu yao ya kula bata mzinga, nimealikwa kwa Dkt. Mayhew, nitapeleka pyrohy, zile sambusa zetu za kuchemshwa, za viazi kama nitapata jibini ya maana. Krismasi sitaweza kuja. Najua matango yangu yameshapata mwenyewe.

Nimefuata njia yako hatua kwa hatua, ingawa kwa lita kumi tu, hata maji nimebadilisha kila saa sita, kengele ikiniamsha. Sukari imetoka nzuri, nyeupe. Ila kuna jambo dogo. Viungo vinne vya mnyororo vipo, vyote, kama mlivyochora. Glukosi siioni. Nimerudia mara mbili. Huenda ni bakteria wangu, wameishi mno kwenye friji. Dkt. Mayhew ameagiza mbegu nyingine za bakteria.

Nilitaka kukuuliza tu, kwa kuwa wewe kumbukumbu yako haipotezi kijiko. Zile glavu zenye unga, mlizivaa mpaka hatua ipi? Hata wakati wa kuingiza kwenye tindikali? Na je, mliwahi kupitisha maji matupu, bila sukari yoyote, katika hatua zile zile, kuona mashine itachora nini?

Si lazima ujibu haraka.

Gauni umelinunua?

Halia

*

Yorkton
11 Januari 1998

Halia,

Marahaba. Umesikia kimya changu, lakini hapa baridi ni arobaini chini ya sifuri na posta yenyewe imeganda. Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, tarehe saba, ilikwenda vizuri. Tuliweka vyakula kumi na viwili mezani na sahani moja ya ziada, kama desturi. Baba yako alikaa akiitazama ile sahani kama vile wewe ungeingia ukala. Mgongo wake ni ule ule.

Gauni nimelinunua. Buluu, mikono mirefu, vifungo vya ganda la chaza. Profesa ameniletea kadi kutoka nyumba ya wazee anakoishi sasa, mwandiko umeanza kutetemeka. Anasema picha ya kwanza itakayoonyeshwa siku yake itakuwa mnyororo wetu. Ameandika "wetu", Halia, nimesoma mara mbili.

Umeniuliza mambo ya glavu. Ni miaka ishirini na minne. Sikumbuki.

Kula vizuri.

Darka

*

Athens
2 Februari 1998

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata habari zenu zote na nimefurahi. Baba aende kwa daktari. Mimi mzima.

Shangazi, mimi ni mtoto wako, wacha niseme wazi. Mwezi Septemba ulikumbuka saa, lita, siku, rangi ya glavu. Mwezi Januari hukumbuki glavu. Sijakasirika. Nimeogopa tu.

Mbegu mpya zimekuja kutoka sehemu tatu. Nimesafisha mara nne. Glukosi hakuna. Sumaku inaona mnyororo mtupu, bila tawi, safi kama kamba. Kisha nikafanya jambo ambalo sikulala vizuri baada yake. Katika stoo yetu kuna boksi la glavu za zamani, zenye unga. Nikazivaa, nikarudia kila kitu. Glukosi ikatokea! Ule unga ni wanga wa mahindi, na wanga ukichemshwa na tindikali unavunjika kuwa glukosi, unajua kuliko mimi. Nikapitisha maji matupu kwa glavu zile zile. Glukosi ikatokea hata kwenye maji.

Tawi halipo. Halijawahi kuwepo. Lilitoka mikononi.

Nilimwambia Dkt. Mayhew. Akasema, "Corliss ana miaka miwili karibu anajenga unga wa glavu." Corliss mwenyewe alitoka nje akazunguka jengo mara tatu. Chanjo ingeufundisha mwili wa mtoto kutafuta kitu ambacho bakteria hana. Kwa hiyo hatuwezi kunyamaza, shangazi, na mimi nisingetaka.

Lakini muhtasari wa mkutano unatakiwa kabla ya tarehe 13 Machi, na mkutano ni ule ule. Wewe safu ya mbele na vifungo vya chaza, na mimi jukwaani nawaambia watu wa dunia nzima kwamba makala iliyo chini ya Bikira Maria ina kosa. Siwezi kuutuma mpaka nisikie kutoka kwako. Niambie lolote. Nitukane, kama utapenda.

Halia

*

Athens
16 Machi 1998

Shangazi,

Shikamoo. Nilingoja wiki sita. Niliuliza posta mara mbili, yule mama wa dirishani sasa ananiita kwa jina.

Muhtasari nimeutuma siku ya mwisho. Nimeuita "Uchunguzi mpya wa sukari ya bakteria", na ndani yake nimezunguka zunguka kama paka kwenye uji wa moto. Glukosi haikutajwa. Dkt. Mayhew alisoma akasema, "Hii ni sabuni isiyotoa povu." Alikuwa na haki. Baba ameniambia kwa simu kwamba u mzima, unaosha madirisha, na ukisikia jina langu unaondoka chumbani.

Nisamehe, kama ni mimi wa kusamehewa.

Halia

*

Yorkton
6 Aprili 1998

Halia mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya zile barua mbili ambazo sikuzijibu. Theluji inayeyuka, barabara zote matope. Natia nta mayai ya Pasaka, tayari kwa rangi. Mikono haitetemeki bado. Baba yako hatimaye amekwenda kwa daktari. Ameambiwa asibebe vitu vizito, naye amekuja akilalamika hivyo huku amebeba gunia.

Nimeosha madirisha yote ya nyumba hii mara mbili ili nisikuandikie. Sasa yamekwisha.

Wewe si wa kusamehewa. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha miaka ishirini na minne. Maji matupu niliyapitisha. Jumatano, tarehe 6 Machi 1974, makala ikiwa imeshapigwa taipu na bahasha ipo mezani. Nilikuwa na nafasi katika mashine, nikasema acha nijaribu maji, kwa moyo wangu tu. Mashine ikachora kilima cha glukosi. Kidogo, lakini kilima. Nilikiangalia nikajua. Sikujua ni glavu, nilidhani ni karatasi ya chujio au chupa, ila nilijua kwamba glukosi yetu ina mashaka. Nikabandika ule mchoro katika daftari, nikaandika chini yake "maji matupu", nikafunga daftari. Jumatatu bahasha ikaenda na jina langu ndani yake.

Nililitaka jina lile. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, kila mtu pale alikuwa Daktari Fulani, mimi nilikuwa Darka wa chupa.

Ukurasa wenyewe huu hapa, nimeuchana kutoka kwenye daftari langu. Uweke katika kazi yako. Na futa ule muhtasari wako wa kuzunguka, umenitia aibu kuliko kosa lenyewe. Pawluk hatuandiki hivyo. Mimi nakuja Vancouver, gauni limeshalipiwa.

Shangazi yako,
Darka

*

Athens
20 Aprili 1998

Shangazi Darka,

Shikamoo, na Kristo kafufuka, nimechelewa siku moja. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikalia, kisha nikaenda kazini.

Muhtasari mpya nimeutuma. Wamejibu kwamba nafasi za kuzungumza jukwaani zimejaa, kwa hiyo nitasimama na bango ukumbini pamoja na wengine mia tatu. Hilo ndilo nililolipata kwa woga wangu.

Ila nina swali. Ukurasa wako una W.S. kwenye kona ya chini kulia, kwa wino mwekundu, tarehe 8 Machi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, nimeangalia kalenda. Bahasha ilikwenda Jumatatu. Hukuniambia kwamba aliona.

Halia

*

Yorkton
4 Mei 1998

Halia,

Marahaba. Tumeanza kupanda. Upepo mwingi, meno yote yana vumbi.

Ndiyo, alitia sahihi. Asubuhi ile niliacha daftari wazi juu ya meza yake ili aone. Nilimngoja Ijumaa nzima aniite. Hakuniita, na mimi sikugonga mlango. Nikajiambia kwamba kama mkubwa ameona na hakusema, basi si kitu. Hilo ndilo nililojiambia, na unaweza kuona lilivyonifaa.

Sasa nisikilize vizuri. Ile kona uikate. Kwa mkasi, kabla ya kupiga picha. Yule mzee ana miaka themanini na siku yenyewe ni yake. Kosa la mikono ni langu na ukimya ni wangu. Nilimwandikia mwezi uliopita kumweleza kwamba tawi halipo. Hajajibu, na sitamwandikia tena. Kata.

Darka

*

Hospitalini, Athens
13 Agosti 1998

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Dkt. Mayhew kwa mkono wake. Usishtuke: juzi nilishikwa na tumbo, wamenitoa kidole tumbo, kilikuwa kimeshapasuka. Naendelea vizuri, ila daktari amenikataza ndege, na nilipombishia alimwita muuguzi mkubwa kuliko yeye.

Bango analo Dkt. Mayhew, limekunjwa ndani ya bomba. Kona niliikata. Sikutaka, lakini uliniagiza. Tatizo ni moja: saa za mabango yeye yumo kwenye kamati na Corliss hajaja. Hakuna wa kusimama. Ukiona ni sawa, simama wewe. Ukiona ni vibaya, liache lining'inie peke yake, watakaotaka watasoma. Sitakuuliza kwa nini.

Halia

*

Ndani ya treni, baada ya Jasper
21 Agosti 1998

Halia mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Baba yako amelia simuni, halafu akasema ni mafua. Kidole tumbo hakina kazi mwilini, kwa hiyo umepoteza kidogo. Kunywa supu. Milima hapa ni mizuri lakini mwanamke wa kiti cha mbele anaitangaza kila mmoja, kwa hiyo nimeamua kukuandikia.

Nilifika na gauni langu. Mlangoni wakanipa kitambulisho cha kuvaa shingoni, maandishi makubwa "MGENI WA PROF. STRACHAN", na jina langu chini yake, dogo kama la mtengenezaji wa betri. Safu ya mbele ina viti laini kweli. Wakazima taa, na picha ya kwanza ikawa mnyororo wetu, mkubwa kama mlango wa ghala, na tawi lake. Watu elfu moja wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilijisikia vibaya, Halia, nilijisikia kama mtu anayeshangilia harusi akijua bwana harusi ana mke mwingine.

Mchana Dkt. Mayhew akanipa barua yako. Bango lilikuwa nambari 212, kati ya mtu wa uyoga na mtu wa maziwa ya mama. Nikasema nitaliangalia tu. Nikaliangalia. Umefanya kazi safi: maji matupu mara sita kwa glavu mpya, mara sita kwa glavu za unga. Na katikati ukurasa wangu, na mwandiko wangu wa ujana. Basi nikawa nimesimama pale, na mtu aliyesimama mbele ya bango huhesabiwa kuwa mwenye bango.

Wa kwanza alikuwa kijana Mholanzi, mrefu, anakula biskuti. Alisoma akaanza kucheka.

"Unga wa glavu! Hawa wazee wa zamani bwana! Nani huyo alikuwa fundi hodari namna hii?"

"Mimi," nikasema.

"Samahani, mama?"

"Mimi ndiye niliyevaa glavu."

Biskuti ilimkwama. Nikampiga mgongoni. Alipopata pumzi aliniuliza, kwa adabu safari hii, tulipitisha maji mara ngapi wakati ule. Nikamwambia mara moja, na kwamba kosa lilikuwa hapo. Glavu kila mtu alivaa. Maji yalituambia, na hatukuyauliza mara ya pili.

Akaenda akaleta wenzake. Kufika saa tisa na nusu nilikuwa na foleni, na yule mtu wa uyoga akawa ananichukia waziwazi. Na unajua walikuja kufanya nini? Kuungama! Mmoja aligundua sukari mpya, ikaonekana ni ya karatasi ya kupangusia pua. Mama mmoja kutoka Sapporo, profesa mzima, Kurihara jina lake, alinishika mkono akaniambia alipoteza mwaka kwa sababu ya pamba ya kuzibia chupa na hajawahi kumwambia mume wake. Nikasema kwa nini hamkuandika? Wakatazamana. Mimi wa kuwasema watu kwa kutoandika!

Kisha foleni ikapasuka katikati, akaja Profesa, binti yake akimsukuma katika kiti cha magurudumu. Alivaa miwani, akatoa miwani, akavaa nyingine. Alisoma bango lote, Halia, tangu kichwa mpaka shukrani, dakika kumi nzima, na mimi nimesimama kama siku ya kuungama kwa mara ya kwanza. Alipofika kwenye ukurasa wangu alisimamisha kidole.

"Darka. Kona ya ukurasa iko wapi?"

"Daftari limechakaa, Profesa."

"Huu ni mkasi. Naujua mkasi na naujua uchakavu. Nani kakata?"

"Niliagiza mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu leo ni siku yako."

Binti yake akauliza kama amechoka, yeye akamwonyesha mkono anyamaze. Halafu akaniambia, polepole, "Barua yako niliipata. Nimejaribu tangu Aprili kukumbuka. Ama nilitia sahihi bila kusoma, ama nilisoma nikapita. Sikumbuki, Darka, na sijui katika hayo mawili lipi baya zaidi."

Nikamwambia, "Mimi nilinyamaza."

"Wewe uliandika. Mimi ndiye niliyekuwa wa kusoma."

Kisha akanyoosha mkono akaomba kalamu. Mholanzi akampa ya buluu, akaikataa. Nyekundu, akasema. Watu mia wenye akili wakaanza kujipapasa mifukoni, na aliyekuwa nayo ni mama Kurihara. Binti akamsogeza mpaka magoti yakagusa bango. Akaniuliza, "Ilikuwa Ijumaa ya tarehe ngapi?" Nikamwambia tarehe nane, Machi. Akaandika W.S., kona ya chini kulia, hapo ulipokata, na tarehe ile ile ya mwaka 1974. S ikawa kama nyoka aliyekanyagwa. Kisha akanipa mimi kalamu, akasema, "Na wewe tia yako. Kazi ni ya wawili."

Nikatia. D.P., kwa wino mwekundu, ambao miaka ishirini na sita haukuwa wangu kuushika. Nililia mbele ya dunia nzima na mtu wa uyoga akanipa leso yake, kwa hiyo nimemsamehe.

Ile makala ya ukutani sitaitoa. Nitapigilia msumari wa pili kando yake. Bango nimelikunja mwenyewe na nimeliweka kwenye kiti cha dirishani. Dkt. Mayhew alisema stesheni kwamba ni mali ya maabara. Mwambie aje Yorkton alichukue, nitampa matango.

Shangazi yako,
Darka